Njia ya Kuanza Upya: Historia ya Patisheni ya Rikavari

Fungua laptopu ya HP ya enzi za Windows 7, ingia kwenye Computer, na utakuta diski mbili. Ya kwanza ni C, yenye nafasi ya kutosha. Ya pili ni D, imeandikwa RECOVERY, na mstari wake mwekundu unaonyesha kwamba imekaribia kujaa. Mwenye mashine hakumbuki kuweka kitu humo. Ndiyo maana wateja wengi wanaofika mezani kwangu, ghorofani mtaa wa Aggrey, Kariakoo, huanza na ombi moja: "Fundi, hii D imejaa bure, ifute nipate nafasi." Wengine huja na hofu ya upande wa pili: "Nipigie Windows, ila D usiiguse, niliambiwa ndiyo roho ya mashine."

Wote wawili wana sababu zao, na jibu langu hutegemea mashine. Kabla ya kugusa chochote nageuza laptopu, naangalia imetengenezwa mwaka gani. Hiyo D, yaani patisheni ya rikavari, sehemu ya diski yenye nakala ya mfumo wa kiwandani, ilizaliwa kwa sababu zake, ikafika wakati ikawa ya lazima, kisha zile sababu zikaondoka moja moja, yenyewe ikabaki. Anayejua mashine yake imeangukia wapi katika safari hiyo anaweza kuamua bila kubahatisha. Nimo katika kazi hii tangu enzi za Windows 98, na nimeona watu wengi wakipoteza mali kwa kukosa habari hizi, ndiyo maana naziandika.

Mwanzoni hapakuwa na cha kuficha. IBM ilipotoa kompyuta yake ya binafsi Agosti 1981, mfumo endeshi ulikuwa kwenye flopi, na flopi ilikuwa mkononi mwa mnunuzi. Mashine yenyewe haikuja hata na hadidiski. Mwaka 1983 ikatoka IBM PC XT yenye hadidiski ya megabaiti 10, pamoja na DOS 2.0 iliyoleta utaratibu wa kuigawa diski katika patisheni. Utaratibu huo uliandikwa katika sekta ya kwanza ya diski, baiti 512, na humo baiti 64 tu zilitengwa kwa jedwali la patisheni: nafasi nne, kila moja baiti 16. Jedwali hilo dogo ndilo lililobeba karibu laptopu zote za Windows tulizozipokea kwa miaka mingi, na zile nafasi nne zilikuja kuwasumbua watu kwa namna ambayo nitaieleza.

Windows 95 ilipotoka tarehe 24 Agosti 1995, toleo lake la flopi lilikuwa na flopi 13. Anayeishi pwani anajua maana yake. Joto na unyevu huotesha ukungu ndani ya flopi, na flopi moja ikigoma katikati, zote zinazobaki hazina kazi. CD ilipochukua nafasi ya flopi, mafundi tulishukuru. Mnunuzi wa kompyuta mpya alikuta ndani ya boksi CD ya Windows, CD ya draiva na kijitabu. Mashine ikiharibika angeweza kuanza upya mwenyewe, au kumkabidhi fundi CD zake. Njia ya kuanza upya ilikuwa mali yake, kabatini kwake.

Mambo yalibadilika mwaka 2000. Microsoft ilibadili masharti yake kwa watengenezaji wa kompyuta: wasiendelee kuweka CD kamili ya Windows ndani ya boksi, kwa sababu CD hizo zilikuwa zikinakiliwa na kuuzwa ovyo. Waliruhusiwa kutoa CD ya kurejeshea inayokubali mashine za kampuni yao tu, au kuiweka nakala ya mfumo ndani ya hadidiski yenyewe. Watengenezaji waliona faida ya haraka katika njia ya pili. Anayeuza mamilioni ya mashine, CD asiyoichapisha ni fedha aliyookoa. Mteja akipiga simu kulalamika, mhudumu anamwambia abonyeze kitufe fulani, na simu inaisha.

Hivyo ndivyo kiwanda kilivyohamia ndani ya hadidiski. Teknolojia ya kukificha ilikuwapo tayari. Kiwango cha ATA-4 cha mwaka 1998 kiliruhusu eneo la diski lisiloonekana kabisa na mfumo endeshi, na IBM ikalitumia katika ThinkPad T40 ya mwaka 2003. Ukiigawa upya diski yake kwa Windows, eneo lile huligusi kwa sababu Windows haijui kama lipo. Ukibonyeza kitufe cha buluu cha Access IBM wakati mashine inawaka, linafunguka. Wengine walitumia patisheni ya kawaida waliyoipa namba ya kuificha, na kila mmoja akachagua kitufe chake. HP ilikuwa F11. Dell ilikuwa Ctrl na F11. Acer, Alt na F10. Asus, F9. Samsung, F4. Toshiba ulishikilia sifuri huku ukiwasha. Lenovo waliweka kijitundu pembeni cha kuchokoa na pini. Fundi wa zama zile alivijua vitufe hivi kwa kichwa, na aliyevijua alimaliza kwa saa moja kazi iliyomchukua mwenzake siku mbili.

Hapa Afrika Mashariki patisheni ile ilipata thamani ambayo waliobuni hawakuifikiria. Wao walikuwa wakipunguza gharama ya CD. Sisi tulikuwa hatuna intaneti ya kupakulia. Kabla ya kebo ya SEACOM kuzinduliwa Dar es Salaam na Mombasa, Julai 2009, mawasiliano yetu na dunia yalipita kwenye setilaiti, kwa bei kubwa na mwendo mdogo. Modemu ya simu yenye kasi kamili ya kilobiti 56 kwa sekunde, kama ingefanya kazi bila kukatika hata mara moja, ingehitaji zaidi ya saa 27 kupakua kitu cha ukubwa wa CD moja ya megabaiti 700. Wala haikuwahi kufika kasi hiyo kamili.

Sasa fikiria laptopu iliyotumika, imeshuka kutoka Ulaya au Dubai, Windows yake imekufa kwa virusi. Ukiipiga Windows kwa CD, inawaka, lakini skrini imevimba kwa sababu hakuna draiva ya picha, haitoi sauti, na haioni mtandao wowote. Draiva ya kadi ya mtandao iko kwenye tovuti ya mtengenezaji, na kufika huko unahitaji mtandao. Fundi alilazimika kuiandika namba ya mashine kwenye karatasi, kwenda intaneti kafe, kulipia muda, na kurudi na flashi akiomba Mungu awe amechukua draiva sahihi. Patisheni ya rikavari ilikuwa na draiva zote, zimepangwa na watu waliojua kila chipu iliyomo.

Kulikuwa na jambo la pili lililokuwa kubwa zaidi, nalo ni uhalali. Windows XP, iliyotoka Oktoba 2001, ilitaka kuthibitishwa kwa intaneti au kwa simu. Ufunguo wake wa herufi na tarakimu 25 ulikuwa kwenye stika chini ya laptopu, mahali panapopata joto na jasho la mapaja kila siku. Stika zilizotufikia zilikuwa zimefutika hata kwa tochi hazisomeki. Nakala ya kiwandani haikuhitaji stika. Mtengenezaji alikuwa ameweka alama yake ndani ya bayosi, yaani programu ya kuwashia iliyo kwenye bodi ya mashine, na Windows ya kwenye patisheni, ikiiona alama hiyo, ilijithibitisha papo hapo bila kuuliza mtu. Mwenye patisheni nzima alikuwa na Windows halali maisha yote ya mashine. Aliyeifuta, stika yake ikiwa imefutika, alikuwa amebakiwa na nakala ya barabarani, zile CD za kunakili zilizouzwa Kariakoo zikiwa na ufunguo wa wizi na mara nyingi virusi ndani yake. Kwa hiyo katika miaka ile, mteja aliyesema D ni roho ya mashine hakuwa mbali na kweli. Nilizitetea patisheni hizo mbele ya wenye mashine kwa nguvu zangu zote.

Lakini hata wakati ule zilikuwa na hatari zake, na nyingi hazikuandikwa popote ambapo mnunuzi wa mkono wa pili angesoma.

Ya kwanza, rikavari inarudisha siku ya kiwandani, pamoja na udhaifu wote wa siku hiyo. Agosti 2003 ulisambaa mnyoo wa Blaster uliopita kwenye tundu la Windows XP. Kiraka chake kilitolewa mwezi mmoja kabla, lakini XP ya zama hizo ilikuja na ukuta wa kinga umezimwa, mpaka kifurushi cha maboresho cha Service Pack 2 kilipouwasha Agosti 2004. Mashine iliyorejeshwa kiwandani na kuchomekwa kwenye mtandao wa kafe iliweza kuambukizwa kabla hujamaliza kupakua kiraka, ikaanza kuhesabu sekunde 60 na kujizima. Hali ikajirudia Mei 2017 kwa mnyoo wa WannaCry: kiraka kilitoka Machi 2017, na hakuna patisheni ya Windows 7 ya mwaka 2010 iliyokuwa nacho.

Ya pili, nakala ya kiwandani ina vitu vya mtengenezaji: antivirusi ya majaribio ya siku chache, michezo, matangazo. Mara nyingine ni vibaya kuliko hivyo. Februari 2015 ulimwengu ulijua kwamba Lenovo ilikuwa imeuza laptopu za watumiaji wa kawaida zikiwa na programu ya matangazo ya Superfish, iliyopenyeza cheti chake katikati ya kivinjari na tovuti salama, benki zikiwemo. Kuirejesha mashine ya aina hiyo kiwandani kulimaanisha kuirejesha Superfish pia.

Ya tatu ni lugha. Laptopu iliyotoka Ujerumani inarejea ikiwa ya Kijerumani, na Windows 7 Home Premium haikuruhusu kubadili lugha. Ruhusa hiyo ilikuwa kwa Ultimate na Enterprise tu. Nimewahi kuwakabidhi walimu mashine nzuri, halali, yenye draiva zote, ambayo hawakuweza kusoma neno hata moja kwenye menyu zake. Kwa mashine kama hizo patisheni haikuwa na msaada kwa mwenyewe.

Ya nne ni zile nafasi nne za jedwali la mwaka 1983. HP ilizijaza zote katika laptopu zake za Windows 7: moja ya kuwashia, moja ya C, moja ya RECOVERY na moja ndogo ya zana. Mwanafunzi aliyetaka kutenga sehemu ya picha na muziki wake, au kuweka Linux pembeni, aliambiwa na mashine kwamba haiwezekani, ingawa diski ilikuwa na nafasi ya mamia ya gigabaiti. Wapo waliolazimisha, Windows ikaigeuza diski kuwa ya aina nyingine, na F11 haikufanya kazi tena.

Ya tano ni sekta ileile yenye jedwali hilo. Katika mashine nyingi, msimbo unaosikiliza kitufe cha rikavari ulikaa katika sekta ya kwanza ya diski. Fundi akipiga Windows mpya kwa CD, au mtu akiweka Linux, msimbo huo uliandikwa juu. Patisheni ilikuwapo nzima, gigabaiti zote zipo, ila kitufe hakiitikii. Watu wengi waliokuwa wakiitunza D kama yai walikuwa wakitunza kitu kisichoweza kufunguka tena, na hakuna aliyewaambia.

Hatari ya mwisho ndiyo iliyowaliza watu. Rikavari kamili inafuta C kwanza, kisha inaandika upya. Betri za laptopu zilizotumika mara nyingi zimekufa, kwa hiyo umeme ukikatika katikati, kilichokuwapo kimeondoka na kipya hakijafika. Na hata umeme usipokatika, picha za harusi na matokeo ya darasa zima yaliyokuwa kwenye Desktop yameondoka. Watu walibonyeza F11 wakidhani wanaitibu mashine. Hadidiski yenyewe ikifa, patisheni inakufa nayo, maana zote ziko kwenye sahani zilezile. Patisheni ya rikavari haijawahi kuwa bakapu ya mali yako. Ni nakala ya mali ya mtengenezaji, na hili nalirudia kwa kila mteja hata kama anaona namchosha.

Mwaka uliogeuza hesabu ni 2012. Windows 8 ilipotoka tarehe 26 Oktoba mwaka huo, ufunguo ulihama kutoka kwenye stika na kuandikwa ndani ya chipu ya bodi ya mashine. Ukiipiga Windows ya toleo lilelile kutoka flashi yoyote safi, inausoma ufunguo yenyewe. Sababu kubwa ya uhalali ikaondoka. Jedwali la nafasi nne nalo likabadilishwa na jedwali jipya la GPT lenye nafasi 128. Zaidi ya hapo, Windows 8 ilikuja na kifaa cha kutengeneza flashi ya rikavari, na kikimaliza kunakili kilimuuliza mwenye mashine kama anataka kuifuta patisheni ili apate nafasi. Windows yenyewe ilikuwa imetoa ruhusa.

Nafasi ikawa na uzito mpya pia. Patisheni ya gigabaiti 15 kwenye hadidiski ya 500 haikumuumiza mtu. Lakini SSD nyingi zilikuja na 128, na Novemba 2014 ikaja HP Stream 11 yenye gigabaiti 32 tu kwa jumla. Katika mashine ndogo namna hiyo kila gigabaiti ina mwenyewe. Windows 10, Julai 2015, iliacha kuhitaji nakala ya kiwandani: ukibonyeza Reset, inajijenga upya kwa mafaili yake yenyewe iliyo nayo kwenye C. Apple walishaonyesha mwelekeo Julai 2011, walipotoa mfumo wao wa Lion ukiwa na patisheni ndogo ya takriban megabaiti 650 tu, kazi yake ikiwa kuwasha mashine na kuvuta mfumo kutoka mtandaoni. Windows ikafuata: toleo la Windows 10 lenye namba 2004, lililotoka Mei 2020, lilileta uwezo wa kupakua mfumo wote kutoka kwa Microsoft, zaidi ya gigabaiti 4 za bando.

Kilichobaki katika laptopu nyingi za leo ni patisheni ya aina nyingine, ndogo, ya megabaiti mia kadhaa hadi gigabaiti moja, isiyo na herufi. Haina Windows nzima ndani yake. Ina zana za kurekebisha mashine isiyowaka. Watu huichanganya na ile ya zamani, na huifuta wakidhani wameokoa nafasi. Januari 2024 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu la usalama katika patisheni hiyo, KB5034441, na mashine nyingi zikakikataa kwa kosa la 0x80070643 kwa sababu patisheni ilikuwa finyu. Microsoft ikawaelekeza watu waiongeze kwa megabaiti 250. Ndiyo kusema ile ndogo bado inafanya kazi na bado inatunzwa na waliotengeneza mfumo.

Kutokana na historia hii, maamuzi yangu mezani ni haya. Laptopu ya XP, Vista au Windows 7 ambayo haijaguswa tangu kiwandani, siifuti patisheni yake kabla ya kutoa nakala kwenye DVD au flashi na kuijaribu nakala hiyo kwamba inawaka. HP iliruhusu seti moja tu, kwa hiyo atakayeichoma aitunze. Ikishatoka na kujaribiwa, mwenye mashine ana uhuru wa kufuta. Mashine ileile ikiwa imepigwa Windows mara kadhaa na kitufe hakiitikii, patisheni ile ni nafasi iliyokaa bure. Laptopu ya Windows 8 kuja juu, ile kubwa ya mtengenezaji inaweza kuondoka baada ya kunakiliwa, hasa diski ikiwa ndogo. Dell, HP na Lenovo wana huduma za kupakua mfumo wa mashine zao nyingi. Ile ndogo isiguswe. Kujua ipi ni ipi, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika reagentc /info, itakuonyesha patisheni inayotumika. Na kabla ya lolote kati ya haya, mali ya mtu inatolewa kwanza.

Nikiitazama safari nzima, naona njia ya kuanza upya ikizidi kumtoka mwenye mashine. Ilikuwa kwenye flopi na CD kabatini kwake. Ikahamishiwa ndani ya diski, nyuma ya kitufe ambacho hakuambiwa. Sasa iko kwenye kompyuta za kampuni iliyo mbali, na kuifikia kunahitaji bando la gigabaiti kadhaa, jambo ambalo kwa mwalimu wa Kigoma au mkulima wa Tunduru bado ni gharama ya kufikiria mara mbili. Kila hatua ilikuwa na faida, na sitamani kurudi kwenye flopi 13. Lakini sikubali kwamba mtu anunue mashine kwa fedha zake halafu uwezo wa kuifufua uwe mikononi mwa mwingine.

Kwa hiyo kila laptopu inayotoka mezani kwangu nashauri iondoke na flashi yake ya gigabaiti 16 au 32 yenye mfumo wake na draiva zake, imejaribiwa mbele ya mwenyewe, imeandikwa jina la mashine. Bei yake ni ndogo kuliko ya betri. Mwenye flashi hiyo anaweza kuiacha patisheni au kuifuta, na maamuzi yoyote kati ya hayo mawili hayatamdhuru.